Nauza Prado ya dizeli ninunue Leaf ya umeme? Naishi Kibaha, duka Kariakoo. Nishaurini kabla sijajuta

Mangi_wa_MailiMoja

Wakuu za jioni. Naandika nikiwa dukani kwa hiyo nikikatisha mjue mteja kaingia.

Nina Prado ya 1999, injini 1KZ, dizeli. Huu mwaka wa tisa nipo nayo, nimezikia nayo mzee, nimeolea nayo, imebeba simenti, imebeba mbuzi, sina ubaya nayo kabisa. Shida ni kwamba nimehamia Kibaha Maili Moja na duka liko Kariakoo, kwenda na kurudi ni kama kilometa 80 kila siku ukitoa Jumapili, na ile foleni ya kuanzia Mbezi kuja Kimara hamhitaji nihadithie. Kwenye foleni ile gari inanipa kilometa 8 kwa lita siku ikiwa imeamka vizuri. Sasa pigeni hesabu, lita 10 kwa siku, dizeli tuiweke 2,800 tu, ni elfu 28. Siku 26 ni laki saba na ishirini na nane elfu. Vijana wangu wawili dukani hawafiki hapo kwa mshahara, na wao angalau wananisalimia asubuhi.

Wiki mbili nyuma ikachemsha pale Mbezi Mwisho, mvuke kama chai ya msibani. Fundi kafungua anasema silinda hedi ina ufa. Nikaipaki.

Sasa jirani yangu wa fremu ya pili kaleta Nissan Leaf ya 2018 kutoka Japani, ile ya betri ya uniti 40 (kWh). Anasema anaichomeka usiku kama simu na hajaingia sheli tangu Februari. Mi nikacheka sana, afu usiku nikiwa kitandani nikaona hamna cha kuchekesha.

Maswali yangu ni ya mtu ambaye hajui kitu. Hivi LUKU ya nyumbani inabeba kweli hiyo gari au ntaunguza nyumba ya watu (nimejenga ila bado namalizia, mwenye nyumba ni mimi na benki)? Betri haifi kwa joto hili letu? Ikifa nani anatengeneza, au ndo nageuza banda la kuku? Na kubwa kuliko yote, Desemba lazima nipande Rombo, hapo hakuna mjadala, mama yangu hanielewi. Inafika?

---

fundi_nozo

Mangi pole. Ila nikwambie ukweli kama fundi, 1KZ kupasuka hedi siyo maajabu, hiyo injini ukiiachia ichemshe mara moja tu hedi inapasuka katikati ya valvu, wote tunajua. Tafuta hedi mpya siyo ya kuchomelea, safisha redieta au badili kabisa, angalia feni klachi, gari inarudi barabarani na unaizikia mtu mwingine tena.

Gari la umeme mi sina ugomvi nalo, ila siku likisimama Chalinze saa nane usiku utamuita nani? Dizeli hata fundi wa baiskeli atakusogeza hadi kulipokucha.

(nakiri nakula kwa dizeli, msije mkasema sijasema)

---

mama_wa_wawili

Kaka Mangi mimi ninayo hiyo hiyo Leaf ya 40, mwaka na nusu sasa, naishi Salasala kazi Mikocheni, kwa hiyo nikujibu yale niliyoyaona siyo ya kusoma.

Kwanza la LUKU. Sisi siku gari imeletwa nyumbani watoto wamekaa barazani wanasubiri kama anakuja bibi harusi. Nikachomeka. Kile kiboksi kwenye waya wa kuchajia kikawaka nyekundu, gari kimya. Chomoa, chomeka, nyekundu. Baba watoto akasema si nilikwambia, tumeuziwa bovu. Nikampigia aliyetuuzia, akauliza swali moja tu, "dada nyumba ina ethi?" Nikamwambia nyumba ina kila kitu. Kumbe haina, yaani hakuna waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Ule waya una akili yake, usipoiona ethi unakataa kupitisha moto, wakati friji na pasi na tivii haviulizi, vinakula tu, ndo maana tumekaa miaka sita tunaguswaguswa na friji tukiwa peku tukidhani ni kawaida. Akaja fundi umeme, akachimba nyuma ya nyumba akapigilia ile fimbo ya shaba, akamwaga chumvi na mkaa na ndoo mbili za maji, akapima akatikisa kichwa, akapigilia nyingine hatua kadhaa pembeni akaziunganisha. Ndipo taa ikawa kijani. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei ya gari ita fundi umeme mwenye kipimo, siyo yule wa kubadili taa.

Pili soketi. Usichomeke kwenye soketi yoyote ya ukutani ukaenda kulala. Imeandikwa 13 lakini haikutengenezwa kubeba mzigo huo saa saba mfululizo kila usiku. Mimi mwezi wa pili niliamka na harufu ya plastiki, nikadhani jirani anachoma taka. Kwenda kuangalia plagi imeganda kwenye soketi, pini moja imekuwa ya kahawia kama imekaangwa. Tangu hapo nilivutiwa waya wake peke yake toka kwenye mita, milimita 6, breka yake, na ile soketi ya bluu ya viwandani ya amp 16. Sasa inaingiza kama uniti 3 kila saa na hata ukishika plagi haina joto la kutisha. Gharama ya huo uwaya ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kuunguliwa nyumba.

Hesabu sasa. LUKU ya elfu 10 inatoa uniti 28, kwa hiyo uniti ni kama 357. Leaf yangu uniti moja inanipeleka kilometa 6, na AC ikiwaka, tena foleni haiiumizi maana ikisimama hailipi kitu zaidi ya hiyo AC. Wewe kwa kilometa 80 weka uniti 13 na kidogo, ongeza ule umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, sema uniti 15. Ni 5,350 kwa siku. Kwa siku zako 26 haifiki laki na nusu. Toa hiyo kwenye laki saba zako.

Angalizo, kama mita yako bado ni ile ya uniti 75 kwa shilingi mia mia, hiyo raha inaisha siku unachomeka gari. Uniti ya juu ya 75 ni 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo utahamishiwa tarifu ya kawaida. Bado utakuwa chini ya dizeli kwa mbali, ila usije ukasema hukuambiwa.

Umeme kukatika unakatika, sitadanganya. Ila siyo kama ule mgao wa kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuwashwa 2024, siku hizi ni nguzo imeanguka au transfoma imekufa, usiku mmoja. Betri ikiwa imejaa unaenda Kariakoo unarudi, na kesho yake unaenda tena na kurudi ila hiyo ya pili utarudi umeshika roho kidogo.

---

GesiTupu

Hapa mnamdanganya Mangi kwa hesabu ya kweli 😂 Mnalinganisha gari la umeme na Prado la tani mbili lenye hedi iliyopasuka, hata punda angeshinda. Linganisha na Toyota IST ya gesi asilia! Kilo ya gesi 1,550, IST inakupa kilometa 16 kwa kilo, kilometa 80 ni kilo 5, ni 7,750 kwa siku. Tofauti na umeme ni elfu mbili na mia nne. Na gesi ni yetu wenyewe toka Songo Songo na Mtwara, na gari yenyewe IST kila fundi anaijua hadi kwa kufumba macho, na gesi ikiisha unarudi kwenye petroli unaendelea na safari yako ya Rombo. Kuna nini tena cha kujadili?

---

Mangi_wa_MailiMoja

@GesiTupu umenishika pabaya maana hiyo nilishaifikiria. Shida yangu na gesi ni muda. Nilimsindikiza shemeji kujaza, tukafika saa kumi na moja alfajiri tukiamini tumewahi, tukakuta bajaji zimejipanga kama zinaenda kupiga kura. Tumetoka saa mbili kasoro. Mimi duka lifunguliwe saa mbili na nusu, wateja wa mikoani wanataka mzigo wawahi basi. Na ule mtungi unakula buti yote, mimi nabeba mabunda.

@mama_wa_wawili asante sana dada, hapo kwenye ethi umenitisha. Fundi aliyenifungia umeme alikuwa binamu wa mtu, naanza kuogopa.

---

mtu_wa_Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Mimi niko Rongai na naendesha teksi ya app, Leaf ya 30, miaka mitatu sasa. Wacha nikuambie mahali watu huumia, si stima, ni betri, na mara nyingi huumia siku ile wananunua.

Ukiwasha Leaf pale kwa dashibodi kulia kuna vibaa vidogo 12 kando ya kipimo cha chaji. Hivyo si chaji, hivyo ni afya ya betri. Cha kwanza huanguka betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15, halafu vingine huanguka haraka haraka baada ya hapo. Sasa mimi yadi moja hapa, jina niachie, waliniuzia gari ikiwa na baa zote 12, inang'aa, nikasema Mungu ni mwema. Wiki ya tatu imebaki 11, wiki ya tano 10. Nikadhani nimeharibu mimi. Jamaa mmoja mwenye Leaf akanieleza kuwa kuna watu hu-riset kompyuta ya betri ionekane mpya, inadanganya kwa wiki kadhaa, halafu ukichaji na kuendesha inajipima upya na ukweli unatoka. Nimerudi yadi nikaambiwa "boss, gari ulijaribu mwenyewe ukaridhika." Na kweli nilikuwa nimeridhika, hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Kwa hivyo Mangi usiende kununua na macho peke yake. Tafuta kale kadude kanachomekwa kwa OBD, lile tundu la kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani, weka app ya LeafSpy kwa simu, uangalie SOH, yaani afya ya betri, ni asilimia ngapi na uangalie seli zote zinalingana, kama kuna moja inazama chini peke yake ondoka hapo. Halafu usiamini namba tu, omba uiendeshe kutoka imejaa mpaka ifike nusu uhesabu kilometa. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Sasa joto. Leaf betri yake haina maji ya kuipoza, inapozwa na upepo wa Mungu tu. Ndiyo sababu mwaka wa 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Arizona walipiga kelele sana, betri zilikuwa zinashuka mwaka wa pili tu, na Nissan baadaye wakabadilisha dawa ya betri ivumilie joto zaidi. Sisi Nairobi tuko juu, usiku kuna baridi, betri inapumzika. Nyinyi Dar usiku ni jasho. Si kwamba itakufa, lakini usitegemee ikae kama ya Nairobi. Paki kivulini, usiichaji mara tu umefika ikiwa ya moto, ngoja saa nne usiku, na kama hauna safari ndefu ichaji mpaka 80 uiachie hapo. Na usinunue zile za kwanza za 24, zile za bei ya kutupa, hata zikiwa mpya zilikuwa hazifiki kilometa 140, wewe na 80 zako na joto utakuja kusukuma.

Kitu kimoja mnaweza kuwaambia wakubwa wenu waige, huku tangu 2023 kuna tarifu ya magari ya umeme peke yake, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kodi zao ni kando, na unahitaji mita yake. Usiku Olkaria, mitambo yetu ya umeme wa mvuke wa ardhini, inatoa mvuke tu na watu wamelala, bora iuzwe.

---

Pweza_Mkavu

Samahani kwa kuuliza swali la kijinga. Mvua ikinyesha Jangwani pakijaa, hiyo gari ya umeme na watu wa ndani si wanakaangwa wote?

---

mama_wa_wawili

@Pweza 😂😂 nilijua utakuja. Hapana, betri imezibwa kabisa chini ya sakafu na mfumo wenyewe unajikata ukihisi umeme unavuja. Na haina pua ya kunyonya hewa kama injini kwa hiyo haimezi maji ikafa vile dizeli inavyokufa. Ila hiyo siyo ruhusa ya kuogelea, gari ni fupi, viti vitalowa na chini ya viti kuna nyaya. Jangwani pakijaa unarudi nyumbani kama watu wengine.

---

mnada_jpn

Naagiza magari, nina maslahi, ila hili nalisema bure.

Leaf ya Japani inakuja na matundu mawili mbele. Dogo ni Type 1, la chaji ya kawaida ya nyumbani. Kubwa ni CHAdeMO, la chaji ya haraka. Waya unaokuja nayo ni wa volti 200 za Japani na plagi yake huwezi kuichomeka popote hapa, kuna watu wanakata wanafunga pini tatu za kwetu na kuomba Mungu. Usifanye. Nunua waya mpya wa Type 1 wa volti 230 wenye kitufe cha kushusha amp.

Hilo CHAdeMO msilihesabu sana. Dunia inalikimbia, hata Nissan wenyewe Leaf mpya ya 2025 kwa soko la Ulaya na Marekani hawajaliweka, wamebaki nalo kwao Japani. Vituo vipya vinavyojengwa vingi vinakuja na plagi ya CCS2, ile ya Ulaya, au ya Kichina. Maana yake chukulia gari hili ni la kuchaji nyumbani kwako tu, ikitokea ukapata chaji ya haraka mjini shukuru.

Kuna wanaokimbilia za China zilizotumika. Gari nzuri, betri inapozwa kwa maji, kilometa nyingi. Ila zile zilizotengenezwa kwa ajili ya China tundu lake ni la kwao, redio na ramani na maonyo yote Kichina, mteja wangu mmoja kaendesha mwezi mzima na taa ya njano akidhani ni salamu za sikukuu, kumbe tairi.

Ushuru msiniulize hapa, ingia kikokotoo cha TRA weka mwaka na modeli, ukipiga simu kwa dalali atakutajia ya kwake.

---

Mangi_wa_MailiMoja

Wakuu nimesoma yote mara mbili, mke wangu nimemsomea mara moja akasema "na Rombo je?" Hamjanijibu Rombo!

---

mnada_jpn

Tunakwepa kwa sababu jibu unalijua 😀

Kibaha hadi Moshi ni zaidi ya kilometa 500, bado hujapanda Rombo. Leaf ya 40 ikiwa mpya kabisa ilikuwa inapimwa kilometa 240 hivi. Unayoipata wewe ina afya ya 85 labda, sema 200, na barabara kuu ukikimbia 100 inakula kuliko foleni, kinyume kabisa na dizeli. Kwa hiyo hata Segera hufiki, utatafuta gesti yenye ethi njiani (haha), utalala. Kesho utasogea tena, hata Same sijui kama utafika. Utalala. Siku ya tatu unapanda mlima. Chaji ya haraka njia nzima toka Chalinze nimepita na macho yangu sijaona. Utafika nyumbani mbege imeisha na mtori umeganda.

Morogoro sawa, toka Kibaha ni kama 155, unaenda taratibu na 80, unalala kwa ndugu unachaji, unarudi. Huko ndo mwisho wako.

---

GesiTupu

IST ya gesi. Nimesema tu.

---

bajaji_ya_mwanga

Mi naendesha bajaji ya umeme mwaka wa pili, niko Dodoma. Hayo ya kilometa 500 siyajui, ila kwa mizunguko ya mjini sirudi kwenye petroli hata mnipige. Sina oili ya kubadilisha, sina plagi, sina kabureta, breki zinakaa maana ukiachia akselereta yenyewe inajishika na kurudisha umeme. Matumizi ni matairi na bushi. Mangi we si dereva wa masafa, we ni bajaji yenye duka.

---

mtu_wa_Rongai

@bajaji_ya_mwanga umemaliza. Huku pia nikishuka kutoka Limuru kwenda Naivasha ule mteremko unanirudishia chaji mpaka abiria wananiuliza hii gari inajiendesha na nini. Kurudi ndiyo hupanda nikilipa deni lote.

Mangi, zitenganishe. Gari ya kila siku ni swali moja, gari ya Desemba ni swali lingine. Wengi wanakosa kwa kutafuta moja inayojibu yote mawili, halafu mwaka mzima wanachoma dizeli kwa sababu ya siku kumi za Krismasi.

---

fundi_nozo

Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa umeme. Prado usiuze. Ukiiuza sasa na hedi imepasuka utapewa hela ya mbuzi wawili. Tengeneza, iwe inakaa, unaiwasha kila wiki dakika ishirini iende raundi moja, Desemba unaikamua hadi Rombo. Ikifanya kazi mara moja kwa mwaka hiyo hedi itakuzika wewe.

---

Mangi_wa_MailiMoja

Nimerudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya siku nne, mzigo ulikuwa bandarini.

Jumapili nilimleta fundi umeme, siyo binamu wa mtu, huyu kanitajia na cheti kabla sijamuuliza. Nikamwambia sitaki blablaa, nionyeshe ethi iko wapi. Akafungua lile boksi la mita, akaonyesha waya wa kijani na njano, nikafurahi, nikasema si huo hapo. Akasema subiri mzee. Akaufuata, unaingia ukutani, akagonga plasta karibu na dirisha la stoo, akaubomoa kidogo. Waya unaishia humo ndani. Umekatwa, umeviringishwa, umefungwa selotepu nyeusi vizuri kabisa kama zawadi, na umefunikwa na plasta. Haujawahi kugusa udongo. Fimbo ya shaba niliyoilipia na risiti ninayo haipo popote kwenye kiwanja changu.

Mke wangu aliyekuwa anasema friji inauma tulimwambia avae ndala. Miaka miwili.

Kwa hiyo gari sijanunua bado, ila fimbo mbili ziko ardhini, waya wa milimita 6 umevutwa hadi chini ya paa la gari, na fundi kapima karidhika. Jirani wa dukani alikuja na Leaf yake jana jioni tukajaribu, kachomeka, taa ikawa kijani, nikakaa pembeni naangalia mita ya LUKU inavyohesabu kama mtu anayeangalia mechi. Kwa saa moja imekula uniti 3, kama dada alivyosema. Kaninywea na chai juu.

Leaf nazitazama mbili, zote za 40. Ya kwanza muuzaji kakataa nisichomeke kadude ka LeafSpy, anasema kanaharibu kompyuta. @mtu_wa_Rongai nikakukumbuka, nikaaga. Ya pili SOH 87, Jumamosi naiendesha kutoka imejaa hadi nusu, mke anashika kalamu.

---

fundi_nozo

Na Prado?

---

Mangi_wa_MailiMoja

Ipo chini ya mwembe. Kuku wanataga kwenye buti. Hedi umeipata au bado?

---

fundi_nozo

Ipo dukani kwa mtu Ilala, mpya kwenye boksi. Njoo na hela, na mayai.